Kabla ya Kaskazi: Madalali wa Bima Wanadai Nini kwa Kampuni?

Mwisho wa Desemba ndio wakati ambao hoteli na nyumba za wageni za Shela, kisiwani Lamu, hujaa. Kaskazi imeshika, na ndege zinashusha watu kisiwa jirani cha Manda kila siku. Ndio wakati huohuo ambao mikataba mingi ya bima ya majengo hufika mwisho, kwa kuwa wafanyabiashara wengi huhesabu mwaka wao wa bima kuanzia tarehe 1 Januari. Kampuni ya bima nayo haibebi mzigo wote peke yake. Hukata bima mtawanyo, yaani hujikinga kwa kampuni kubwa za ndani na za nje, na mikataba mingi ya namna hiyo huanza upya tarehe hiyohiyo.

Basi watu hungojana. Ofisa wa kampuni aliyeko Nairobi anangoja masharti mapya ya bima mtawanyo. Dalali aliyeko Mombasa au Malindi anamngoja ofisa. Mwenye hoteli anamngoja dalali, na vyumba vyake vimejaa wageni. Jibu linapotoka, mwaka umebakisha siku mbili tatu: bei imepanda, paa la makuti limewekewa sharti jipya, na nyongeza ya kinga dhidi ya fujo za kisiasa imeondolewa.

Nimelianza jambo hapa kwa sababu mjadala kuhusu madalali wa bima karibu kila mara huanzia kwenye kamisheni. Kampuni zinasema dalali anakula asilimia yake huku simu ya mkononi ingeweza kuifanya kazi hiyo kwa senti chache. Wateja nao humwona mtu wa kati asiyeonekana mpaka siku ya kulipia. Lakini ukikaa na madalali wanaoihudumia pwani ya kaskazini, kilio chao cha kwanza ni muda. Wanataka kuambiwa mapema. Hata "hapana" wanaipokea, mradi ije wakati ambapo bado wanaweza kubisha hodi mlango mwingine.

Sheria ndiyo inayoligeuza hili kuwa zito. Kwa Sheria ya Bima ya Kenya, Sura ya 487, kampuni hairuhusiwi kubeba hatari ya mteja kabla malipo hayajaifikia. Zamani dalali angeweza kumwambia mteja, "Endelea, tutamalizana wiki ijayo." Siku hizi hawezi. Maana yake, masharti yakifika tarehe 29 Desemba, mwenye hoteli ana siku mbili za kuyasoma, kuyakubali au kuyakataa, kutafuta nyongeza ya fedha ambayo hakuipangia, na kuzituma zifike. Akichelewa, usiku wa mwaka mpya unamkuta hana bima, na ndio usiku ambao jikoni kuna moto mkubwa kuliko mwaka mzima, fataki zinapaa, na upepo unapiga juu ya makuti.

Tufikirie siku hizo chache. Jengo lisilo na bima kwa siku nne halionekani kuwa na kasoro yoyote, wala hakuna anayelipigia kelele. Siku ya tano malipo yakipita, mambo yanaendelea kama kawaida. Lakini kama mkopo wa benki umelishika jengo lile, mteja amekwisha kuvunja sharti la mkopo wake bila kujua. Moto ukizuka siku ya tatu, hakuna kampuni itakayolipa, na hakuna mahakama itakayoilazimisha, kwa sababu hakukuwa na mkataba. Atakayesimama mbele ya mwenye jengo kueleza ni dalali. Kisheria wakala husimama upande wa kampuni na dalali upande wa mteja, ingawa kamisheni ya dalali hutoka kwa kampuni. Yeye ndiye atakayeulizwa kwa nini hakusema mapema, na jibu la kweli, kwamba naye hakuambiwa, halimsaidii aliyeunguliwa.

Kampuni zina hoja, na ni hoja nzito. Sharti la malipo kwanza halikuja bure. Kwa miaka mingi fedha za wateja zilikuwa zikikaa mikononi mwa watu wa kati kwa miezi, huku kampuni ikilipa fidia kwa mikataba ambayo haijaona hata shilingi yake. Kampuni inayobeba hatari bila fedha haidumu, nasi tumeziona zikianguka: Blue Shield iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2011, Resolution mwaka 2022, Xplico mwaka 2023. Kila mara wenye madai walibaki na karatasi. Tena kwa muda mrefu kampuni za Kenya zimepigana kwa bei, na madalali hawana mikono safi katika vita hivyo. Dalali anayezungusha mteja mmoja kwenye kampuni sita akitafuta aliye rahisi kwa elfu mbili, kisha akalalamika kwamba fidia haitoki, ana sehemu yake katika ugonjwa huo. Kuhusu bima mtawanyo, kampuni haiwezi kuahidi mwezi wa Oktoba bei ambayo yenyewe itaijua Desemba.

Haya yote nayakubali. Hata hivyo hayajibu ombi lenyewe. Dalali haombi bei ya mwisho mwezi wa Oktoba. Anaomba aambiwe kampuni inaelekea wapi: je, mwaka ujao bado mnachukua majengo ya makuti? Mna nia ya kuondoa fujo za kisiasa? Mtataka vizima moto vingapi, na kwa kila vyumba vingapi? Majibu ya maswali haya kampuni inayo muda mrefu kabla ya mwaka kuisha, kwa sababu inayajadili yenyewe inapopanga bajeti. Kuyazuia mpaka wiki ya mwisho ni mazoea tu, na wala hakuna mkataba wa nje unaodai hivyo.

Shida ya pili ni fomu. Fomu ya kuombea bima ya moto ambayo kampuni nyingi hutumia inauliza kuta za jengo ni za nini, na inakupa matofali, mawe au mbao. Paa je? Vigae, mabati, saruji. Nyumba ya Mkomani, mtaa wa mji wa kale wa Lamu, ina kuta nene za mawe ya matumbawe, dari ya boriti za mikoko, na juu yake sakafu ya chokaa. Nyumba ya Shela mara nyingi ina makuti juu ya hayo yote. Dalali hana pa kuweka alama. Akiandika "mawe" na kunyamaza, siku ya hasara ataambiwa alificha boriti na makuti. Akieleza kwa kirefu pembeni, fomu inaingia kwenye rundo la "mambo maalumu" na kukaa wiki tatu. Kisha linakuja swali la umbali kutoka kituo cha zimamoto na upana wa barabara inayofika kwenye jengo. Katika mji wa kale wa Lamu, uliotiwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, kichochoro hupitisha punda mmoja aliyebeba mawe na mtu aliyejibanza ukutani. Hakuna jibu la mita litakalomridhisha aliyeitunga fomu ile.

Ofisa mwenye uzoefu angeijua tofauti. Ukuta wa matumbawe hauungui ovyo, hatari iko kwenye paa na kwenye nyaya za umeme zilizopitishwa bila mpango, na nyumba iliyo karibu na maji yenye pampu yake ina nafuu kuliko iliyo ndani. Ndiyo maana dalali anadai mtu aliyepewa mamlaka ya kuamua, tena awe ameuona mji walau mara moja. Kampuni zinajibu kwamba biashara ya Lamu ni ndogo mno kumlipia ofisa nauli ya ndege. Ni kweli ni ndogo, lakini moja ya sababu ni hiyohiyo. Malipo ya bima nchini yako kwenye asilimia mbili na ushei tu ya pato la taifa, na kila mwaka hotuba husomwa kuhusu kuiinua takwimu hiyo. Itainuka vipi mahali ambapo mwenye nyumba anayetaka kulipa anakwama kwenye kisanduku cha paa?

Hapo ndipo habari ya kuuza bima kwa simu inapohitaji kupimwa vizuri. Mimi si mpinzani wake. Kijana wa bodaboda pale Hindi au Mokowe, upande wa bara wa Lamu, anaweza kupata bima ya wahusika wengine, yaani ya kuwalipa watu atakaowaumiza, bila kumwona mtu, na cheti cha kidijitali kimepunguza vyeti bandia. Sioni dalali ana cha kuongeza hapo, na madalali wanaotaka kulindwa kwenye bima ya pikipiki wanapigania mahali pasipo na faida kwa mteja. Lakini bima za magari na matibabu, ambazo ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya soko la bima zisizo za maisha nchini Kenya, si picha ya kisiwa hiki. Gari kisiwani ni nadra. Hapa kuna majengo ya kale, boti za wageni, majahazi, na mizigo inayovushwa kutoka Mokowe. Ni vitu vinavyotaka maelezo. Kampuni ikivunja dawati lake la majengo na vyombo vya bahari ili kuwekeza kwenye programu ya simu, kijana wa Hindi atafurahi, na mwenye boti wa Shela atabaki anaandikia anwani ya barua pepe isiyojibu.

Suala la usalama ndilo gumu zaidi, na hapa nazielewa kampuni kuliko penginepo. Bima ya moto ya kawaida haigusi ugaidi wala fujo za kisiasa. Hizo hukatiwa bima yake mbali. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 na lile la uwanja wa kijeshi wa Manda Bay la Januari 2020, yote upande wa bara, jina la Lamu peke yake linatosha kumfanya mtu wa bima mtawanyo arudishe faili. Maandamano ya Juni 2024 yakaongeza hofu nchi nzima. Kampuni inasema: hata kama Shela haikuguswa, shambulio bara humaliza wageni wa kisiwani, kwa hiyo hatari ni moja. Kwa upande wa biashara ya wageni, hilo ni kweli. Baada ya Mpeketoni, kafyu ilidumu miezi, na wavuvi wakazuiwa kuvua usiku. Hasara ile haikuwa na mkataba wowote wa kuibeba.

Lakini bima ya jengo hulipa jengo linapoharibiwa, na jengo lina mahali pake. Kaunti ya Lamu inaanzia kandokando ya msitu wa Boni hadi kwenye visiwa. Hata serikali ya Uingereza, ambayo haina mzaha katika tahadhari zake kwa wasafiri, imevitenga kisiwa cha Lamu na Manda na maeneo ya bara ya kaunti hii. Dalali anauliza: kama wao wameweza kuchora mstari huo, kwa nini jedwali la kampuni lina safu moja tu iliyoandikwa "Lamu"? Kuitenganisha safu ile hakuhitaji mtaji, kunahitaji mtu wa kwenda kuitetea mbele ya bima mtawanyo. Dalali ana picha, ramani na historia ya hasara ya wateja wake. Anachokosa ni kampuni itakayozibeba karatasi hizo mezani.

Kuhusu fidia, sheria inaipa kampuni siku 90 tangu dai kuripotiwa. Kwenye makaratasi ya Nairobi ni muda wa wastani. Kwa boti iliyopigwa na mwamba karibu na mlango wa bahari wa Mkanda katikati ya Desemba, siku 90 zinakwenda hadi katikati ya Machi, nao ndio msimu wote. Nahodha anayelipwa siku ya 89 amelipwa kisheria, na mwaka wake umekwisha kupotea. Madalali wanaomba sehemu ya fidia itolewe mapema pale ambapo kampuni haipingi dai lenyewe na kinachobishaniwa ni kiasi tu. Kampuni zinaogopa udanganyifu, na upo. Lakini mashine ya boti iliyoonwa na mkadiriaji wa hasara, akaiandikia ripoti, haihitaji miezi miwili zaidi ya kutiliwa shaka.

Niongeze hili kwa ufupi: Waislamu wengi wa hapa hawataki bima ya kawaida kwa ajili ya riba na kubahatisha. Takaful, yaani bima ya Kiislamu ya kuchangiana, imekuwapo Kenya tangu 2011, na dalali anayefanya kazi Lamu bila kuwa na mahali pa kumpeleka mteja wa namna hiyo anafanya nusu ya kazi. Kampuni zinazotaka kisiwa hiki zingekuja na jibu la swali hilo mkononi.

Nadhani kuna mapatano yanayowezekana mwaka huuhuu, tena yasiyongoja sheria mpya. Kufikia mwisho wa Septemba, kusi ikilegea na hoteli zikimaliza ukarabati, dalali awe amekabidhi picha za paa na jiko, cheti cha fundi wa umeme, na orodha ya hasara za miaka mitano, hata zile ndogo ambazo mteja angependa zisahaulike. Oktoba kampuni tatu au nne zichangie nauli ya ofisa mmoja anayekuja kukagua majengo ya wateja wao wote kwa pamoja, na madalali walipie malazi yake. Kufikia katikati ya Novemba, masharti ya awali yawe yametoka kwa maandishi, yakiwa na kiwango cha juu ambacho bei haitakipita hata bima mtawanyo ikipanda. Mteja akilipa kabla ya tarehe 15 Desemba, kiwango hicho kimfunge aliyekiandika.