Lami Iliyopakwa Kinga Si Lazima Iwe Imepona

Anayetetea kupaka kinga kwenye lami ya maegesho ana hoja nzito. Jua na hewa hukausha gundi inayoshika kokoto. Lami hugeuka kijivu, hukakamaa, kisha hupasuka. Maji yakipenya hadi kwenye msingi, magari humalizia kazi na shimo hutokea. Tabaka jembamba la kinga huziba matundu na kupunguza uharibifu huo, kwa gharama ndogo kuliko kumwaga lami upya.

Wanaopinga nao hawakosei. Kinga haiongezi uwezo wa lami kubeba mzigo. Nyufa zikishaungana kama ngozi ya mamba, tatizo mara nyingi liko chini, na kupaka juu ni kuficha ugonjwa. Mwenye eneo hufurahia weusi unaong'aa huku msingi ukiendelea kulegea. Hapo naona kazi ni kuchimba na kujenga upya, au kwanza kurekebisha mifereji inayoleta maji.

Wakati nao huamua. Lami mpya iachwe miezi kadhaa ikomae. Nyufa pana zizibwe kwanza, uso usafishwe na kukauka. Ukipaka kila mwaka, tabaka hurundikana hadi zinabanduka zenyewe.

Lakini swali linalonisumbua zaidi ni kilichomo ndani ya pipa. Kinga nyingine hutengenezwa kwa lami ya makaa ya mawe, na wanaoiuza husema kweli kwamba huhimili petroli na oili kuliko ile ya aina ya pili, inayotokana na mafuta ghafi. Hata hivyo imejaa PAH, kundi la kemikali za kaboni na hidrojeni, na baadhi yake husababisha saratani. Shirika la utafiti wa jiolojia la Marekani lilikuta kiwango chake ni takriban mara 1,000 ya kile cha kinga ya aina ya pili. Tairi huikwangua, mvua huipeleka mitoni, na vumbi lake huingia majumbani, mahali ambapo watoto hutambaa. Huko huko Marekani, jiji la Austin liliipiga marufuku mwaka 2005, na jimbo la Washington likafuata mwaka 2011.

Kwangu hoja ya petroli haitoshi kuhalalisha sumu hiyo karibu na makazi. Kinga ya aina ya pili hulika mapema zaidi, ni kweli, na itabidi kupakwa tena. Gharama hiyo naikubali. Mkandarasi asiyetaka kutaja aina anayotumia asipewe kazi.