Kabla hamjaiamini ile sauti ya kwenye grupu

Ile sauti inasema nilipigana na nyani kule Gombe, na mengine. Sikupigana na nyani. Aliyewatumia ile sauti alikuwa ndani, nyuma ya wavu, akicheka. Sikilizeni kwa mfiwa mwenyewe.

Gombe, ile hifadhi ya sokwe kando ya Ziwa Tanganyika, hakuna barabara wala mama ntilie. Unapanda boti Kibirizi, pale Kigoma, zile za abiria wa vijijini, mwendo wa saa 3 hivi kwenye mbao mpaka makalio yafe ganzi. (Jumapili haziendi, msije mkalala mwaloni.) Kwa hiyo kila mtu hubeba jiko lake: sembe kilo 2, dagaa, chapati 6, na mawese nusu lita kwenye chupa ya maji. Hiyo chupa muikumbuke.

Nyumba ya wageni madirisha yake yana wavu wa chuma. Wageni ndio tunaokaa kizimbani, nyani wanatembea. Tuliambiwa mara 2: ukitoka, hata kwa dakika 1, funga komeo. Mimi nikaacha begi barazani, eti naenda kuoga ziwani mara moja.

Narudi, taulo kiunoni, sabuni mkononi, nakuta dume limekaa, begi katikati ya miguu. Halikuwa na haraka. Likavuta zipu kwa vidole, taratibu, kama afisa ushuru. Chapati ya kwanza. Ya pili. Dagaa likawatafuna kiganja kwa kiganja, kama mtu na karanga zake. Kisha likaing'ata ile chupa ubavuni. Mawese yakachuruzika, mekundu, juu ya shati langu jeupe. Halafu, jamani, likapasua sembe palepale juu yake.

Nilikuwa nayajua masharti yote: usimkazie macho, usimnyang'anye, usikimbie. Nikamkazia macho, nikapiga kelele, "Weee!" Likapiga mwayo. Meno yale si ya kutazamwa na mtu mwenye taulo. Nikageuka nikimbie. Taulo halikugeuka.

(Ndiyo, sehemu hiyo ya ile sauti ni kweli. Tuendelee.)

Usiku nikala kwa huruma ya mchekaji. Kesho yake tukawaona sokwe: barakoa usoni, umbali wa mita 10, kwa muda wa saa 1, basi. Shati nilifua mara 3; mawese hayatoki.

Boti ya kurudi, mama mmoja akanitazama kifuani mpaka tukakaribia Kibirizi.

“Mwanangu, hayo mawese lita unauzaje?”