Gemu la Mtoto Linapata Wapi Hela Yake?

Mzazi akiuliza gemu gani la kishikwambi litamfaa mwanawe wa miaka mitatu, mara nyingi hujibiwa kwa dakika: mpe nusu saa, usizidishe saa moja, au asiguse kabisa. Jibu hilo lina msingi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri kwamba mtoto ambaye hajatimiza mwaka asikalishwe mbele ya skrini, wa mwaka mmoja vivyo hivyo, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilikuwa kimeshatoa ushauri unaokaribiana na huo mwaka 2016, ila kikaongeza mambo mawili ambayo watu huyaruka: anachotazama mtoto kiwe cha ubora wa juu, na mzazi awe naye pale.

Mambo hayo mawili ndiyo magumu. Mtoto anayechora mnyama, akamfuta, akamchora upya, na mtoto anayefungua maboksi ya zawadi yanayomwaga nyota, wanaweza kutumia nusu saa ileile. Ukihesabu dakika peke yake, huoni tofauti yao.

Hata hivyo, wanaotaka skrini iwekwe mbali wana hoja nzito, na kwa mtoto wa chini ya miaka miwili nakubaliana nao moja kwa moja. Katika umri huo mtoto hupata shida kuhamisha alichokiona kwenye kioo na kukileta kwenye vitu halisi. Anaweza kupanga vipande vya rangi kwa kidole, kisha akashindwa kuvipanga vya mbao vilivyo miguuni pake. Lugha nayo humjia kwa kujibiwa: anatoa sauti, mtu anaitikia, anatoa nyingine. Gemu haliitikii hivyo. Linapiga makofi hata akibonyeza kwa kubahatisha. Ndiyo maana madaktari wale wa watoto wa Marekani hawakuikataza simu ya video, kwa sababu bibi aliye upande wa pili anamwona mjukuu, anacheka naye na kumwita jina. Programu inayojinadi kuwa ni ya watoto wachanga, ipite tu.

Kuanzia miaka mitatu hivi mambo yanabadilika, na hapo siwaungi mkono wanaokataa kila kitu. Zipo kazi nzuri kweli. Programu ya Khan Academy Kids, iliyotoka mwaka 2018, ni ya bure, haina matangazo, na inatengenezwa na shirika lisilo la kibiashara. ScratchJr, ya mwaka 2014, iliyotoka kwa watafiti wa vyuo vikuu viwili vya Marekani, MIT na Tufts, inamwezesha mtoto wa miaka mitano hadi saba kuunganisha vipande vya maelekezo ili paka atembee, aruke, aseme neno. Paka akienda kusiko, hakuna sauti ya kumzomea mtoto. Anarudi kwenye vipande vyake, anakuta aliweka hatua nyingi mno, anapunguza, anajaribu tena. Anayefikiri pale ni mtoto.

Mwaka 2015 mwanasaikolojia wa watoto Kathy Hirsh-Pasek na wenzake walipendekeza mambo manne ya kupimia programu inayodai kufundisha: je, akili ya mtoto inafanya kazi au ni kidole tu, je, usikivu wake unabaki kwenye somo au unavurugwa na vikorombwezo, je, anachojifunza kinagusa maisha anayoyajua, na je, kinamfanya azungumze na watu. Watafiti wengine walipochukua vipimo hivyo na kukagua programu 124 za watoto, wakachapisha matokeo mwaka 2021, asilimia 58 zilipata alama za chini. Kwa hiyo neno “elimu” kwenye jina la programu halithibitishi lolote.

Kipimo ninachokiamini zaidi hakihitaji utaalamu. Lichukue gemu peke yako kabla mtoto hajaliona, ulicheze dakika kumi, na ukosee kwa makusudi. Tuseme linakuambia upasue puto lenye namba 5. Wewe pasua la 2, kisha la 7, kisha bonyeza ovyo kila mahali. Mara nyingi utakuta kukosea kunaleta mlio wa kuchekesha kuliko ule wa kupatia, au kwamba ukibonyeza ovyo unafika mwisho na kupewa taji lilelile. Mtoto huligundua hilo haraka kuliko mzazi. Mama anaona mwanawe “amemaliza namba zote”, kumbe hajahesabu hata moja.

Lakini swali ambalo ningeanza nalo ni la hela: gemu hili linaishi kwa kula nini? Utafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan uliotoka mwaka 2018 ulipitia programu 135 za watoto wa miaka mitano kushuka chini na kukuta asilimia 95 zina tangazo la aina fulani. Mengine yalikatiza mchezo katikati. Mengine yalivaa sura ya mchezo wenyewe, na kuna mhusika aliyetikisa kichwa na kulia mtoto alipoacha kununua. Mtoto wa miaka minne hana namna ya kujua kwamba machozi yale ni biashara. Anamwonea huruma rafiki yake, naye anabonyeza. Nikikumbuka kwamba mtu mzima alikaa kitako akayapanga machozi hayo, nashindwa kulitetea gemu la namna hiyo, hata liwe na herufi zote za alfabeti ndani yake.

Na hasara haiishii kwenye machozi. Mwaka 2014 Apple ilikubali kurejesha angalau dola milioni 32.5 kwa wazazi wa Marekani ambao watoto wao walinunua vitu ndani ya magemu bila ridhaa yao. Mzazi akishaweka neno la siri mara moja, mlango wa kununua ulibaki wazi kwa dakika 15 bila yeye kujua. Siku hizi unaweza kuweka neno la siri lidaiwe kila mara, na kila mzazi afanye hivyo leo.

Watengenezaji nao wana utetezi unaostahili kusikilizwa. Kuchora, kurekodi sauti na kurekebisha programu kila simu mpya inapotoka ni gharama, na ukisema kila gemu liwe la kulipia, umemfungia nje mtoto ambaye mzazi wake hana cha kulipa. Tena kulipia si dawa kamili, maana katika utafiti uleule wa Michigan hata programu nyingi za kulipia zilikutwa na matangazo. Ninachosema ni kwamba bure ya shirika linaloendeshwa kwa michango na bure inayolipwa kwa macho ya mtoto ni vitu viwili tofauti. Kuvitenganisha si kazi: zima intaneti, fungua gemu, uone. Lile linalokataa kucheza hadi liunganishwe, au linaloomba mahali ulipo na kipaza sauti ilhali ni la kupaka rangi, lina jambo jingine linalotafuta.

Alama za umri zisikutulize. Ile 4+ kwenye duka la Apple inahusu kukosekana kwa maudhui mabaya tu; hata kikokotoo hupewa 4+. Marekani ina sheria ya tangu 1998 inayolinda taarifa za watoto wa chini ya miaka 13 mtandaoni, lakini sheria haikai na mtoto sebuleni.

Anayekaa naye ni mzazi, na mzazi hawezi kukaa kila mara. Wapo wanaosema kumpa mtoto kishikwambi ili upate kupika ni uvivu. Mimi naona ni haki, na kuna magemu yanayofaa kwa saa hiyo. Chagua lenye mwisho: hadithi inayokamilika, fumbo linalofungwa likapumzika. Zima mpangilio unaoanzisha kipande kingine wenyewe kila kimoja kinapoisha, na ukifunge kifaa kwenye programu hiyo moja, kwani iPad na vya Android vyote vina mpangilio huo. Kilio cha kunyang'anywa mara nyingi huja kwa sababu gemu limepangwa lisiwe na mahali pa kuachia, kila hatua ikifungua nyingine kabla mtoto hajashusha pumzi. Hiyo peke yake ni sababu tosha ya kulifuta, hata kama linafundisha hesabu vizuri.