Laptopi yako haina ubaya, wewe ndiye hutafuti

Juzi nilikuwa kwenye kibanda cha pleistesheni Sinza, nasubiri zamu. Foleni ndefu, mshindi anabaki, aliyefungwa analipa. Nikafungua laptopi niendelee na gemu yangu. Dogo mmoja akachungulia: “Kaka, hiyo gemu au kikokotoo?” Kibanda kizima kikaangua kicheko.

Utani wake sikuujali. Kilichoniudhi ni alichosema baadaye: nyumbani anayo laptopi ya mtumba, mjomba wake alimnunulia Kariakoo, ila imekaa tu kwa sababu “haikubali gemu yoyote”. Yoyote! Kumbe duniani gemu ziko tatu: mpira, GTA na Call of Duty. Nilikuwa sijui, asante kwa taarifa.

Gemu aliyoicheka inaitwa Papers, Please. Ilitoka 2013, na aliyeitengeneza ni mtu mmoja, Lucas Pope. Wewe ni afisa uhamiaji mpakani, kwenye nchi ya kubuni iitwayo Arstotzka, mwaka 1982. Watu wamejipanga, mmoja mmoja anakuja dirishani na pasipoti yake. Unakagua picha, tarehe, mji uliotoa. Unavuta muhuri, wa kijani au mwekundu, ta! Anakuja mwingine. Ndiyo gemu yenyewe hiyo.

Inachosha? Subiri. Unalipwa kwa kichwa, kwa hiyo ukikagua kwa makini sana familia inalala njaa, na ukiharakisha unapitisha karatasi feki. Makosa mawili ya mwanzo kwa siku unaonywa, yanayofuata unakatwa hela. Jioni inakuja hesabu: kodi, chakula, kupasha nyumba joto, dawa za mgonjwa. Halafu siku moja anapita mwanaume, karatasi zake safi kabisa, anakuomba umwonee huruma mke wake aliye nyuma yake kwenye foleni. Mke hana kibali cha kuingia. Haya, piga muhuri.

Yeyote aliyewahi kusimama mbele ya dirisha la ofisi hapa mjini akaambiwa “fomu haijakamilika, njoo kesho” ataielewa gemu hii kuliko Mmarekani aliyeitunga. Safari hii wewe ndiye uko upande wa pili wa kioo, na utashangaa ulivyo mwepesi kumfukuza mtu. Mimi ilinitisha. Gemu za mabilioni, zenye grafiksi za kuonyesha jasho la mchezaji, hazijawahi kunifanya nijiogope.

Na inataka nafasi ya MB 100 tu. Call of Duty inavuka GB 100. Piga mwenyewe hesabu ya bando.

Mnaosema “kama ingekuwa nzuri ningeshaisikia”, Among Us ilitoka 2018 ikakaa pale miaka miwili, watu wanaipita. Mwaka 2020 dunia nzima ikaikimbilia. Gemu ilikuwa ile ile.

Mwaka 2024 ikatoka gemu nyingine, Tales of Kenzera: ZAU, kazi ya Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya, aliyeitunga kumuenzi marehemu baba yake. Ukitaka, wahusika wanaongea Kiswahili. Kiswahili! Nikauliza pale kibandani, hakuna aliyewahi kuisikia. (Mashine ya mtumba haitaiweza, najua, na walioitoa sokoni ni kampuni kubwa ya EA, wale wale wa gemu ya mpira. Bado inauma.)

Sawa, gemu nyingi za hawa watengenezaji wadogo ni takataka. Ukizama itch.io, tovuti wanakoweka gemu zao, utakutana na madude yasiyofunguka kabisa. Kadi ya kulipia mtandaoni nayo si kila mtu anayo, ingawa pale itch.io kuna lundo la bure, na watengenezaji wengi wanakuachia upange bei mwenyewe, hata sifuri. Na ndiyo, kumfunga rafiki yako tano bila huku kibanda kinapiga kelele ni raha ambayo Arstotzka haina. Nimekubali, tusonge.

Asiye hata na laptopi aanze na Vampire Survivors, iko kwenye simu tangu mwishoni mwa 2022, bure. Kazi yako ni kutembea tu, silaha zinapiga zenyewe. Utashtukia saa nane za usiku bado unatembea. Ukisinzia asubuhi kwenye mwendokasi mpaka ukapitiliza kituo, mimi simo.