Kitabu kizee na makala isiyo na umri

Kwenye mashine za fotokopi za njia ya Kasapa hapa Lubumbashi, kabla hujafika chuo, kuna desturi ambayo wanafunzi wa informatika wameizoea hadi hawaioni tena. Ukileta kitabu, kijana wa mashine haanzi na jalada. Anarukia pale maandishi yanapoanza kujaa. Kurasa za mwanzo, zenye jina la mchapishaji, haki za mwandishi, mwaka na toleo la ngapi, zina weupe mwingi, na weupe ni karatasi ya bure iliyolipiwa. Anaziacha. Silabusi, ndivyo tunavyoiita nakala hiyo, inapigwa pini, inavalishwa karatasi ngumu ya bluu, na kitabu kinaanza maisha mapya bila mwaka wa kuzaliwa.

Mimi nilinunua moja ya namna hiyo nikiwa mwaka wa pili. Ilikuwa ya PHP, lugha ya kuandikia programu za wavuti, kwa Kifaransa, kurasa mia tatu na kitu, na kusema kweli mwandishi wake alijua kufundisha. Kwa silabusi ile nikamtengenezea mama mmoja wa Katuba mfumo mdogo wa kuhesabu dawa za depo yake. Ukatembea vizuri kwa miezi. Asubuhi moja akanipigia: "Mwanangu, dawa zangu zimepotea." Nikafungua, nikakuta ukurasa mweupe. Kwenye faili ya makosa kulikuwa na mstari mmoja tu: seva haiijui amri iitwayo mysql_connect, ile inayofungua mlango wa hifadhidata. Aliyetupangisha nafasi kwenye seva alikuwa amehamia PHP 7, na ukoo mzima wa amri zinazoanza na mysql_ uliondolewa katika toleo hilo, Desemba 2015, baada ya kutangazwa tangu 2013 kwamba uko njiani kuondoka. Dawa zilikuwa palepale kwenye hifadhidata. Mlango ndio uliong'olewa. Nilikesha siku mbili nikibadilisha mstari kwa mstari.

Kisa hiki kila ninapokisimulia, wenzangu wanakidaka kama ushahidi wao. Umeona? Ndiyo maana sisi hatusomi vitabu. Siku hizi ndiyo kauli inayotawala kati ya vijana wanaoandika programu hapa Lubumbashi: kitabu ni kaburi, teknolojia inabadilika kila wiki, soma makala za jana usiku, na ukikwama uliza akili bandia. Nadhani wamemkamata asiye mwizi. Ila hoja yao ina uzito, na ni haki niieleze kwanza.

Chukua AngularJS, zana ya Google ya kujengea kurasa za wavuti. Ilitoka 2010, ikaandikiwa vitabu vinene, na 2016 Google wenyewe wakaleta Angular 2 iliyoandikwa upya kiasi kwamba aliyekariri kile kitabu alianza tena karibu sifuri. Mwisho wa 2021 hata msaada wa ile ya kwanza ukafungwa. React, zana nyingine ya kazi hiyohiyo, nayo ilibadilisha mtindo Februari 2019 ilipoleta huki (hooks), namna mpya ya kuandika vipande vya ukurasa, na kitabu cha 2018 kikabaki kinafundisha namna ambayo leo watu wanaikuta tu kwenye msimbo wa kurithi. Kitabu kipya cha Marekani kinauzwa dola 40 hadi 60 kabla ya kulipia safari, na hapa kwetu mara nyingi safari yenyewe ni sanduku la mjomba anayetoka Johannesburg. Tafsiri ya Kifaransa, ikiwapo, inachelewa zaidi. Mpaka kitabu kitue mezani kwako, nusu ya picha zake za skrini hazifanani na unachokiona.

Halafu kuna usalama. Desemba 2021 lilipofichuka tundu la Log4j, ile maktaba ya Java ya kuandikia kumbukumbu za mfumo, likapewa alama 10 kati ya 10 kwa ubaya, hakuna kitabu duniani ambacho kingekuokoa. Makala ziliokoa, nyingine zikiwa zimeandikwa na watu ambao hawajalala. Hapo sina ubishi hata kidogo.

Lakini ngoja kwanza hapohapo kwenye Log4j. Makala za siku ya kwanza zilisema: hamia toleo la 2.15. Siku chache baadaye ikaonekana 2.15 haikuziba vizuri, ikaja 2.16, kisha 2.17, na mwezi haujaisha ikaja 2.17.1. Kwa hiyo makala iliyokuwa dawa siku ya Ijumaa ilikuwa nusu dawa wiki iliyofuata, na bado inaweza kukutokea ukitafuta leo. Tofauti kati ya kuokoka na kudhani umeokoka ilikuwa tarehe. Siyo mwaka, tarehe. Ukiisoma makala ile bila kujua ni ya siku gani, hali yako haitofautiani na yangu mimi na silabusi yangu isiyo na kurasa za mwanzo.

Ndiyo maana nasema mwizi ni mwingine. Silabusi yangu haikunidhuru kwa kuwa nzee. Ilinidhuru kwa kuwa uzee wake ulifichwa. Kama ule ukurasa mmoja ungekuwapo, ningesoma mwaka, ningelinganisha na toleo la PHP lililokuwa kwenye seva, na mama wa Katuba asingepata presha.

Mwezi uliopita binti mmoja ninayemsaidia masomo alinigeuzia kompyuta yake, akaniita Yaya, yaani ndugu mkubwa kwa lugha ya kwetu: "Yaya, mbona hii haitembei?" Kwenye skrini mstari mmoja wa lugha ya programu iitwayo Python: neno print, kisha "Bonjour" ndani ya alama za kunukuu, bila mabano. Nikacheka, naye akakasirika kidogo. Python 3 ilikuja Desemba 2008 na ikadai mabano. Python 2 ikazikwa rasmi tarehe 1 Januari 2020. Mstari wake ulikuwa wa marehemu. Ameutoa wapi? Makala ya intaneti, nzuri, yenye rangi, yenye matangazo ya viatu pembeni. Tukaitafuta tarehe juu, tukaitafuta chini. Haipo. Wenye kurasa hizo wanajua kwamba msomaji akiona 2011 atakimbia, basi wanaiondoa, au wanaandika "imesasishwa" pale walipobadilisha koma. Kijana wa fotokopi angalau anaruka tarehe kwa ajili ya karatasi. Hawa wanairuka wakijua.

Kitabu hakiwezi kufanya hivyo. Kimefungwa na mwaka wake kama mtu na kitambulisho. Na kwa sababu kinajua kitakaa, kuna vitabu vinavyochagua kuandika juu ya mambo yanayokaa. Watu wanazungumza kana kwamba kila kitu katika fani hii hufa baada ya miezi sita. Kinachokufa upesi ni nguo. Itifaki ya TCP, yaani kanuni za mawasiliano ambazo kila ujumbe wa simu yako unapita juu yake au juu ya jamaa yake, hati yake rasmi ilitoka Septemba 1981. Hati ile ilipokuja kubadilishwa ilikuwa Agosti 2022, na kazi kubwa ya hati mpya ilikuwa kukusanya pamoja masahihisho ya miaka arobaini. Mwenye kuielewa ile ya 1981 hapotei ndani yake. SQL, lugha ya kuiuliza hifadhidata, ilielezwa na watafiti wawili wa IBM mwaka 1974. Mama yule wa dawa, siku nilipohamisha mfumo wake, amri za PHP zilibadilika zote, lakini sentensi za SQL zilizokuwa ndani yake sikugusa hata moja. Mambo ya silabusi yaliyooza yalikuwa yale ya juu. Yale ya chini yapo hadi leo, na niliyajifunza mlemle.

Kitabu cha lugha ya C cha Kernighan na Ritchie kilitoka 1978, toleo la pili 1988, kurasa 272 tu. Hakijui yaliyoongezwa na viwango vya 1999 na 2011, na mwalimu mwaminifu lazima aseme hivyo. Lakini kwa kuelewa anwani ya kumbukumbu ni nini, sijaona makala kumi zikifanya kazi inayofanywa na sura yake ya tano. Makala inajibu swali ulilouliza. Kitabu kinakupa swali ambalo hukujua kwamba unapaswa kuliuliza, na kinakupa kwa zamu yake, likitanguliwa na lile linalolibeba.

Kuna tarakimu moja ambayo haijawahi kunitoka kichwani: dola 2.56. Donald Knuth, aliyeanza kuchapisha mfululizo wake mkubwa juu ya sanaa ya kuandika programu mwaka 1968, na juzuu 4B ikatoka 2022 bado hajamaliza, aliahidi kumlipa kiasi hicho kila atakayekuwa wa kwanza kuona kosa kwenye vitabu vyake. Kwa nini 2.56? Kwa sababu ni senti 256, na 256 kwa hesabu ya msingi wa kumi na sita inaandikwa 100, yaani "dola moja" ya watu wa kompyuta. Mzaha wa mzee. Lakini fikiria maana yake kibiashara. Mtu ameuza kitu, kisha anakulipa wewe mnunuzi ukimwonyesha kilipoharibika. Hundi hizo watu wengi walikuwa hawaendi kuzichukulia pesa, walizitundika ukutani, mpaka 2008 akaacha kutoa hundi za kweli kwa hofu ya wezi wa akaunti, akaanza kutoa vyeti vya benki ya kubuni. Thamani haikupungua hata kidogo. Sasa niambie ni makala ipi kati ya zile ishirini ulizofungua wiki hii mwandishi wake ameweka hata senti moja mezani kwamba hajakosea. Nyingine hazina hata mwandishi.

Najua jibu: akili bandia imemaliza mjadala huu. Sijui. Binti yule alipoiuliza juu ya mstari wake wa Python, iliweka mabano kwa sekunde moja na kueleza kwa Kifaransa safi kuliko changu. Nampa mtu haki yake. Kwa mwanafunzi wa Ruashi asiye na kaka wa kumuuliza saa nne usiku, hilo ni jambo kubwa, na anayelidharau labda hajawahi kukwama peke yake. Wiki iliyofuata aliiomba imwanzishie mradi wa React, nayo kwa kujiamini kulekule ikamwambia aanze na create-react-app, chombo ambacho wenye React walitangaza Februari 2025 kwamba kisitumike tena kwa miradi mipya. Sauti ileile, utulivu uleule. Mashine imemeza vya 2009 na vya juzi katika sufuria moja, na inapopakua haikwambii kijiko hiki kimetoka safu gani. Desemba 2022, siku chache tu baada ya ChatGPT kuzinduliwa, Stack Overflow, ukumbi wa maswali na majibu ya waandika programu, walipiga marufuku majibu yake kwenye ukumbi wao kwa hoja kwamba mengi yana makosa ilhali yanaonekana sawa. Mashine zimekua tangu hapo. Kule kuonekana sawa nako kumekua.

Jambo la umeme nalipita haraka, kila msomaji wa hapa analijua. SNEL, shirika la umeme, ikikata, mega za intaneti zikiisha, makala haifunguki. PDF iliyo kwenye flashi inafunguka mpaka betri ife, na silabusi inasomeka kwa mshumaa. Kizazi changu kilijifunza hivyo kozi za Site du Zéro, ule ukumbi wa Kifaransa ulioanzishwa 1999 na baadaye ukawa OpenClassrooms: mmoja anapakua, flashi inazunguka bweni zima.

Na hapo ndipo ninapoona wenzangu wanakosea hesabu wanaposema kitabu ni cha tajiri. Pro Git, kitabu juu ya Git, chombo cha kutunza matoleo ya msimbo, kinatolewa bure, kipo pia kwa Kifaransa, toleo la pili la 2014. Eloquent JavaScript, cha lugha ya JavaScript, kinasomwa bure na kimefika toleo la nne, 2024, baada ya matoleo ya 2011, 2014 na 2018. Tazama hiyo hesabu: kila miaka mitatu, minne au sita mwandishi anarudi, anaondoa kilichokufa, anaweka mwaka mpya juu. Ni upya unaokuja na cheti chake. Vingekuwa vingi hivi kwa Kifaransa, achilia mbali Kiswahili, ningekuwa na la kulalamika dogo zaidi.

Kwa hiyo nikiulizwa nasoma nini, nasema vyote, ila si kwa imani sawa. Habari ya tundu la usalama naisoma kwenye makala, na nikikosa tarehe naifunga hata kama imeandikwa vizuri namna gani. Namna ya kutumia maktaba iliyotoka mwaka huu naisoma kwenye maelezo ya wenyewe, yenye namba ya toleo. Jambo ambalo nataka likae ndani yangu nalitafutia kitabu, na sioni aibu kikiwa na umri wa kunizaa.

Juzi nilirudi njia ya Kasapa na kitabu cha Kernighan na Ritchie nimtolee binti sura ya tano. Nikamwambia kijana wa mashine aanze na ukurasa wa haki za mwandishi. Akaugeuza, akautazama, akanitazama.

"Yaya, huku hakuna kitu."

Nikamwekea kidole kwenye mwaka. Akasoma kwa sauti: 1988. Akasema hata yeye alikuwa hajazaliwa.

"Na huu nao utalipa?"

Nitalipa. Akaupiga. Ukatoka umefifia upande mmoja, wino ulikuwa unaisha, lakini tarakimu nne zilisomeka.