Jirani wa C

Jumamosi mpiga kinanda wetu aliamka na homa, na ndoa ilikuwa saa nne asubuhi. Nikapigiwa simu mimi, mzee wa vibao vyeupe. Ninachojua ni ufunguo wa C tu, ngazi ya noti inayoanzia C. Ukitakiwa ufunguo mwingine nabonyeza kitufe cha transpozi, kinachohamisha sauti zote, vidole vinabaki palepale.

"Wimbo uko C," mwalimu wa kwaya akaniambia mlangoni, tai hajafunga. "Ubeti wa tatu tunahamia ufunguo jirani. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mwalimu."

Kwenye karatasi ya solfa, zile herufi za do-re-mi, ubeti wa tatu ulianza na kijiherufi s kimepanda begani kwa d. Nikajua mashine ya kopi imeharibu. Jirani wa C nikamtafuta kwenye kinanda: wa ukuta kwa ukuta ni C shapu, kibao cheusi cha kulia kwake. Transpozi, moja juu. Kazi rahisi.

Beti mbili zilikwenda kama maji. Wa tatu nikabonyeza.

Kwaya ikaenda G, mimi C shapu. Soprano waling'ang'ania zao. Besi, kwa huruma, wakanifuata. Tena wakanyamaza, wakakodolea karatasi kama hati ya mahakama. Mtoto wa mbele akaziba masikio. Shangazi mmoja, Mungu ambariki, akapiga vigelegele.

Baada ya misa Mwalimu hakunigombeza, jambo lililonitisha zaidi. Aligeuza ratiba ya harusi akachora duara kama saa, la kupanga funguo kwa ukaribu wa noti zao. C akaiweka saa sita, G saa saba.

"Hawa wana noti saba kila mmoja, na sita ni zilezile. F tu ndiyo inapanda nusu hatua. So ya C inageuka do, ndiyo maana ya ile s begani kwa d. C shapu anakaa ubavuni kwa C, ila wanashirikiana noti mbili tu."

"Jirani wa mjini," nikasema.

Hakucheka. Akaiweka C shapu saa moja. "Sisi saa saba, wewe saa moja. Mbali zaidi ya hapo hakuna, mdogo wangu. Ungetafuta kwa tochi usingepata."

Shangazi wa vigelegele akatufikia, kitambaa machoni.

"Kijana, pale mlipogawana sauti nimelia. Binti yangu anaolewa Desemba. Utatupigia?"

Mwalimu akaikunja ile karatasi ya duara, akaniwekea mfukoni.