Galoni Tatu

Kiangazi kile nilikuwa New Jersey, Marekani, kwenye kikundi kidogo cha maigizo. Nilipewa vyeo viwili: dereva wa gari la vifaa, na mtu wa sheli jukwaani. Maneno yangu yalikuwa haya tu: "Galoni tatu kwa wiki, mama. Kuna vita."

Mchezo ulisimulia mambo ya mwaka 1943, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kule majumba ya maigizo ya kiangazi yako mashambani, kwenye maghala na vinu vya zamani, na watazamaji huja na magari. Vita ikaleta mgao wa petroli. Mwenye stika ya A kwenye kioo, ya mgao wa chini kabisa, aliambulia galoni tatu hivi kwa wiki. Nani aziunguze kwa ajili ya kuchekeshwa? Jumba moja la namna hiyo, Bucks County Playhouse, ng'ambo ya mto Delaware, wakafungasha virago wakahamia hotelini, Bellevue-Stratford, katikati ya Philadelphia, ambako mtu anafika kwa tramu. Nasi, miaka mingi baadaye, tukasema tuwafuate, onyesho moja tu, huko huko Philadelphia.

Asubuhi nikapitia sheli. New Jersey hairuhusiwi kujiwekea mafuta; kijana anakuja dirishani, kama kwetu kabisa. Raha ya nyumbani ikanipanda kichwani, nikamwambia bila hata kutazama geji: "Weka ya kumi."

Dola kumi. Galoni tatu.

Hata darajani hatukufika. Gari likakohoa mara mbili, likanyamaza. Nikashuka na kidumu, ndani ya ovaroli la jukwaani, kofia ya mtu wa sheli na tai ya kipepeo, nikatembea juani hadi sheli ya mbele. Kabla sijasema shida yangu, bibi mmoja akashusha kioo: "Jaza tenki. Na kioo ukifute."

Mkubwa akikutuma unauliza? Nikajaza. Nikafuta, hadi vile vidudu vilivyogandia pembeni. Mwenye kazi yake akatoka chooni, akanikuta nimeshika bomba la mafuta na dola moja ya asante, akaniuliza taratibu: "Wameniachisha kazi?"

Tulichelewa dakika arobaini. Zamu yangu ikafika, nikaingia jukwaani nanuka petroli halisi. "Galoni tatu kwa wiki, mama. Kuna vita."

Mama mwenyewe, aliyesukuma gari kwa viatu vya kisigino, alitakiwa aondoke akilia. Akanigeukia.

"Tunajua!"

Watazamaji walipiga makofi. Hadi leo hawajui kwa nini pazia lilikuwa linatikisika.